Mbuzi anatoka damu puani: tazama tundu kabla ya kununua sindano

Mbuzi akitoka damu puani, watu wa nyumbani huuliza kwanza damu ni nyingi kiasi gani. Swali la kwanza liwe jingine: inatoka tundu gani? La kushoto, la kulia, au yote mawili? Jibu la swali hilo linagawa matatizo karibu yote ya pua ya mbuzi mafungu mawili. La upande mmoja mara nyingi limekaa ndani ya pua yenyewe: kuna kitu kimeingia, kuna kidonda, kuna uvimbe, kuna jino bovu. La pande zote mbili mara nyingi linatoka mbali zaidi: mapafuni, kwenye damu yenyewe, au ni ugonjwa wa kuambukiza ambao kesho utamkuta na mbuzi wa jirani.

Nilijifunza hili kwa Kashata, mbuzi wetu jike wa hapa Goba. Wanangu walimpa jina hilo kwa sababu ya rangi yake ya kahawia yenye madoa meupe. Jumamosi moja asubuhi binti yangu alikuja mbio jikoni: "Mama, Kashata anatoka damu!" Ilikuwa tundu la kushoto tu. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza. Sikuulizwa tundu gani wala joto lake. Nikauziwa chupa ya oksitetrasaiklini, yaani antibiotiki, na bomba la sindano. Damu ilikata siku tatu. Siku ya nne ikarudi, safari hii na kamasi zenye harufu ya kitu kilichooza. Bwana mifugo alipokuja aliwasha tochi, akatazama, akamdunga Kashata dawa ya kumtuliza, kisha akaingiza koleo ndefu nyembamba na kutoa shuke kavu la nyasi, refu kama kidole changu cha mwisho. Ndevu za shuke lile zilikuwa zimelala zote upande mmoja: kuingia linaingia, kurudi halirudi. Hakuna sindano ambayo ingelitoa mle.

Damu inatoka sasa hivi

Mwondoe mbuzi juani, mfunge mahali penye kivuli na kimya, na watoto wasogee. Mbuzi aliyeshtuka moyo unamwenda mbio, na moyo ukienda mbio damu haikati. Mtume mtu dukani kwa Mangi alete pakiti ya barafu, izungushie khanga, uiweke juu ya pua, kati ya macho na matundu, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ukipumzika kidogo katikati. Kichwa kiwe usawa wa kawaida au kiinamie chini kidogo. Usimwinue kichwa juu hata kidogo, kwa sababu damu itashuka kooni na inaweza kuingia mapafuni.

Usimzibe tundu kwa pamba. Usimtie kitu chochote puani, si mafuta ya nazi, si maji ya chumvi, si matone ya mafua ya binadamu. Usimpe aspirini, maana inazuia damu kuganda. Na usimfute ndani kila dakika. Bonge la damu lililoganda ndiyo kizibo chake, ukilitoa unaanza upya.

Damu ya pua huonekana nyingi kuliko ilivyo, kwa sababu mbuzi anapiga chafya na kuitawanya ukutani. Mbuzi wa kilo 25 ana damu kama lita moja na nusu hadi mbili mwilini. Vijiko vichache havimuui. Ikikaribia ujazo wa chupa ndogo ya maji ya nusu lita, maisha yake yako hatarini.

Piga simu kwa bwana mifugo papo hapo, usingoje kesho, ukiona mojawapo ya haya: anapumua kwa mdomo wazi, damu haijakata baada ya dakika 20, ukigeuza kope la chini la jicho unaona ndani kumepauka badala ya kuwa na wekundu, amelala na hataki kusimama, au damu inatoka na mahali pengine, kama kwenye fizi, mkojo au haja kubwa.

Vipimo vya kufanya mwenyewe akishatulia

Chukua pamba, ichambue mpaka ibaki unyuzi mwembamba, uishike mbele ya tundu moja bila kuligusa. Inapepea? Hamia tundu la pili. Matundu mawili ya mbuzi mzima hupepeza pamba sawasawa. Upande usiopepeza, au unaopepeza kwa shida, umeziba. Wengine hutumia kioo na kuangalia ukungu wa pumzi, lakini kwa unyevu wa Dar kioo kilichotoka kwenye friji kinashika ukungu chenyewe, kitakudanganya. Pamba haina shida hiyo.

Baada ya hapo nusa pumzi yake, kila tundu peke yake. Harufu ya kuoza upande mmoja ni kitu kilichokaa mle siku nyingi, au jino. Pitisha vidole usoni kuanzia chini ya macho hadi puani, pande zote mbili kwa pamoja, utafute uvimbe, joto au mahali anapokwepa. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole kwenye paji la uso, kushoto na kulia. Upande wenye usaha ndani hutoa mlio mzito kuliko upande wa pili. Washa tochi ya simu utazame tundu, lakini usiingize kibano wala kijiti. Nyama ya ndani ya pua ya mbuzi ina mishipa mingi ya damu, na kitu unachokiona kwa nje kinaweza kuwa kimeshika ndani zaidi.

Pima joto kwa kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, kwenye njia ya haja kubwa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbuzi mzima ana kati ya sentigredi 38.5 na 39.5, na mchana wa Januari hapa kwetu anaweza kugusa 40 bila ugonjwa. Ikifika 40.5 asubuhi akiwa kivulini, hiyo ni homa. Hesabu pia pumzi kwa kutazama ubavu: 15 hadi 30 kwa dakika akiwa ametulia.

Damu au uchafu tundu moja tu

Mashuke na vijiti ndivyo vinavyoongoza kwa mbuzi wetu wa mjini, kwa sababu wengi wetu hatuchungi. Tunanunua mzigo wa majani kwa vijana wa baiskeli na pikipiki, na hatujui yamekatwa wapi. Mbuzi huzamisha uso wote kwenye mzigo. Dalili huanza ghafla: chafya nyingi, kusugua pua kwenye nguzo au mguuni, kutikisa kichwa kikiwa kimeelekea upande mmoja, na damu kidogo. Baada ya siku tatu nne chafya hupungua, mwenye mbuzi akadhani amepona, kisha kamasi zenye harufu zikaanza. Hapo anatakiwa mtu mwenye vifaa vya kukitoa. Antibiotiki huja baadaye, kwa kidonda kilichobaki. Tangu yale ya Kashata, mzigo wa majani naufungua chini, naukung'uta na kutoa yaliyokomaa mashuke kabla ya kuuweka kwenye kihori.

Kugongwa ni sababu nyingine ya kawaida. Beberu wawili, geti la chuma, kamba iliyomkwamisha akarukia ukuta. Damu huwa nyekundu safi, hukata yenyewe, na uso unaweza kuvimba. Kama mfupa wa pua umebonyea au ukigusa unasikia mchakacho kama wa kuponda ganda la yai, mwite daktari.

Pembe inawasumbua wengi kichwa. Pembe ya mbuzi mkubwa ina uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na mapango ya mifupa ya paji la uso, ambayo nayo yamefunguka kwenye pua. Kwa hiyo mbuzi aliyevunjika pembe kwenye shina anaweza kutoka damu puani upande uleule, na mtu akahangaika na pua huku tatizo liko juu. Funika shimo kwa gozi safi, zuia nzi, na usimwagie dawa ya maji ndani ya shimo.

Jino bovu la juu hutoboa njia hadi kwenye pango la shavu. Utaona usaha tundu moja, harufu, shavu limejaa, na majani yaliyotafunwa nusu yakidondoka anapocheua. Usiingize vidole kuchunguza magego yake. Mbele juu mbuzi hana meno, lakini magego yake yanakata kama wembe.

Halafu uko uvimbe wa ndani ya pua unaosababishwa na virusi. Huja polepole: ute mwepesi usiokauka upande mmoja, mkoromo hata akiwa amesimama, pamba haipepei kabisa, na baadaye uso kutuna au jicho kutokeza. Hauna tiba. Kama una mbuzi wengine, mtenge mgonjwa huyo mapema.

Chafya mfululizo, kamasi nzito, uzi wa damu ndani yake

Hapa mtuhumiwa wangu wa kwanza ni funza wa pua, na ningependa kila anayefuga amjue, kwa sababu watu hudhani ni mafua na kumwacha mnyama akiteseka miezi. Yupo nzi mmoja mwenye rangi ya kijivu, mnene kuliko nzi wa nyumbani. Yeye hatagi mayai. Anazaa funza walio hai, wadogo kama milimita moja, na kuwarusha kwenye matundu ya pua ya mbuzi au kondoo bila hata kutua. Mbuzi anamjua. Ukiona wamebananisha vichwa, pua zimegandishwa chini ardhini au zimefichwa kwenye manyoya ya mwenzao, na mara mmoja anapiga kwato na kukimbia bila sababu unayoiona, huenda nzi huyo yupo.

Funza hutambaa hadi kwenye mapango ya mifupa ya kichwa, wakikwaruza kwa kulabu zao za mdomoni. Hukaa humo wiki kadhaa hadi miezi, wakikua mpaka kufikia sentimita mbili au tatu, kisha hutolewa kwa chafya na kuingia ardhini kuwa buu na hatimaye nzi. Mara nyingi kamasi hutoka pande zote mbili, nyingine upande mmoja zaidi. Kwa hiyo usimwondoe funza kwenye hesabu kwa kuona tundu moja tu. Njia ya uhakika ya kumgundua bila daktari ni kukagua sakafu asubuhi: funza mnene mweupe wa manjano wenye mistari myeusi mgongoni. Ukimpata, mtie kwenye kichupa umwonyeshe bwana mifugo, usimwache aingie kwenye mchanga.

Dawa inayowaua ni ivamektini. Ile ya sindano ya asilimia 1 imewekewa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi, na hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu tunakisia uzito kwa macho. Tumia futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,800. Mbuzi mwenye kifua cha 65 na urefu wa 60 anakuja kilo 23 na kidogo, yaani karibu nusu mililita. Nimeona watu wakimpa mbuzi wa namna hiyo mililita mbili. Kipimo cha mwisho aseme daktari, hasa kama mbuzi ana mimba. Na kama mnakunywa maziwa yake, mweleze kabla hajadunga, maana dawa hii hukaa kwenye maziwa.

Damu matundu yote mawili

Hapa usicheze. Chukua kichupa safi kikavu cha kioo, vaa glovu, kinga damu kidogo, ukiache kimesimama dakika 20 bila kukitikisa. Damu ya kawaida itakuwa imeganda, ukikiinamisha haimwagiki. Ikiwa bado inatiririka kama maji, damu yenyewe imeharibika.

Kwa mjini naogopa zaidi sumu ya panya. Tunainunua kwa wamachinga, tunaichanganya na mahindi au dagaa, tunaiweka stoo, na stoo hiyohiyo ndiyo yenye pumba. Nyingi ya sumu hizi huzuia damu kuganda, na dalili hazianzi siku ile. Huchukua siku mbili hadi wiki, kwa hiyo mtu haunganishi mambo. Mbuzi anatoka damu puani, fizi zina madoa mekundu, ana uvimbe laini mahali alipogongwa kidogo tu, amepoa. Tiba ipo, vitamini K1, lakini ianze mapema na inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Mpelekee daktari pakiti ya sumu kama bado unayo. Kuumwa na nyoka puani kunaweza kufanana na hili, ila uso huvimba kwa kasi, ndani ya saa chache.

Kama mbuzi amekufa ghafla, jana alikuwa mzima, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni na nyuma, tumbo limejaa haraka na mwili haukakamai, fikiria kimeta. Usimchune, usimpasue, usimgawie mtu nyama, usimwache mbwa amkaribie. Ukimpasua, vimelea hupata hewa na kujifunga ganda ambalo hudumu ardhini miaka mingi. Mfunike, zuia watu, mwite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Yeyote aliyemgusa kwa mikono mitupu aende hospitali na kusema wazi alichogusa.

Baada ya mvua kubwa zisizokatika, mbu wakiwa wengi, kumbuka Homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi wenye mimba hutupa mimba kwa pamoja, vitoto vinakufa, na baadhi hutoka kamasi zenye damu. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100 Tanzania. Mimba iliyotupwa usiishike bila glovu, na maziwa yachemshwe.

Povu la pinki puani pamoja na pumzi za haraka linatoka mapafuni. Huyo hana muda, atafutiwe daktari saa hiyo.

Kamasi bila damu

Kamasi za maji, mbuzi anakula, anacheua, hana homa: tazama banda kabla ya mbuzi. Inama mpaka pua yako iwe usawa wa pua yake. Kama macho yako yanawasha kwa harufu ya mkojo, yeye anavuta hewa hiyo usiku kucha. Toa matandiko, weka makavu, ongeza upenyo wa hewa juu ya ukuta. Pumba zinyunyizie maji kabla ya kumpa. Vumbi la pumba kavu linatosha kumtoa kamasi mwezi mzima.

Kamasi zilizogeuka nzito na za manjano, homa, kikohozi, na mbuzi aliletwa karibuni kutoka mnada wa Pugu, ni habari nyingine. Mbuzi wale wengi wamesafiri mbali kwenye malori, wamebanana, wana kiu, na vijidudu vilivyokuwa vimelala puani huamka na kushuka mapafuni. Hapo antibiotiki inafanya kazi, ikipewa kwa kipimo na siku kamili. Homa ya mapafu ya mbuzi ni kali zaidi: joto 41, shingo imenyooshwa, miguu ya mbele imetanuliwa, anaguna kila anapotoa pumzi. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008, huongeza macho kutoa tongo, vidonda mdomoni na kuhara. Haina dawa ya kuiua ila ina chanjo nzuri. Mbuzi mgeni akae peke yake wiki tatu hadi nne, na vyombo vyake vya maji viwe vyake.

Maziwa au majani yanarudi kwa puani

Kitoto cha siku chache kinachotoka maziwa puani kila kinaponyonya, kifungue mdomo utazame kaakaa kwa tochi. Kinaweza kuwa kimezaliwa na ufa. Kwa mbuzi mkubwa, huenda amekabwa na ganda la embe au kipande cha muhogo. Muondolee chakula na maji, mwite daktari. Na ikiwa ilianza baada ya kunyweshwa dawa kwa chupa ya soda, huenda dawa imekwenda mapafuni. Unapomnywesha, pua isipande juu ya usawa wa macho yake, na mpe nafasi ya kumeza.

Ukimpigia bwana mifugo

Mwambie unachokijua kwa mpangilio, ataweza kuamua aje na vifaa gani, na kama sampuli ipelekwe maabara ya veterinari ya Temeke. Siku hizi mimi natuma ujumbe kabla ya kupiga, pamoja na picha ya pua na ya kope la ndani. Wa mwisho niliotuma ulikuwa hivi: "Shikamoo daktari. Kashata tena. Jike, miaka mitatu, kilo 27, hana mimba. Tundu la kulia, kamasi nzito na uzi wa damu, tangu juzi. Pamba inapepea kote. Hakuna harufu. Joto asubuhi 39.1. Anakula. Leo nimeokota funza mmoja bandani, nimemhifadhi kwenye kichupa."